Kabla Hujanunua Motokaa, Hesabu Moshi Wake



Fedha za miwa zikitoka, au mpunga wa Ahero ukipata bei nzuri, mawazo ya watu wa nyumba moja hugawanyika. Mama ataka mabati ya jikoni. Kijana ataka karo. Na baba, ikiwa amechoka kungojea matatu chini ya jua la Kano, huanza kulitaja neno motokaa, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Sisi hatumlaumu. Mwenye shamba la mbali ana haja ya kufika sokoni, hospitali na kwenye ofisi za kiwanda kama mtu mwingine yeyote. Lakini twataka kumwambia jambo moja kabla hajaitoa pesa mfukoni: bei ya motokaa si ile aliyoambiwa na muuzaji. Ile ni bei ya mlangoni tu. Bei nyingine hulipwa kidogo kidogo, kila siku, nayo hutoka pamoja na moshi.

Nawajua mume na mke, wenye shamba la miwa upande wa Muhoroni. Miaka michache iliyopita walinunua gari kubwa la dizeli, injini ya sentimita za ujazo 3,000, lililokwisha tembea sana. Walilipata kwa shilingi 450,000, na majirani walikuja kulitazama kama watu watazamavyo ng'ombe wa maziwa. Leo gari hilo limesimama chini ya mwembe. Kuku hutaga mayai kwenye kiti cha nyuma. Halikugongwa wala halikuibwa. Lilishindwa kulishwa tu. Kwenda Kisumu na kurudi kulikula mafuta yenye thamani ya gunia la mahindi, na lilipoanza kutoa moshi mweusi likawa lakula zaidi. Yule bwana aliniambia, "Bei yake niliiona. Tumbo lake sikuliona."

Nimekumbuka maneno hayo kwa sababu siku hizi katika mabaraza watu huuliza: Je, yafaa Kenya iwe na kodi ya barabara inayopimwa kwa moshi, kama ile ya nchi za Ulaya? Na ikija, mkulima anayetaka kununua motokaa atafanyaje? Ni swali zuri, nasi tutatoa maoni yetu waziwazi. Lakini kwanza yafaa tuelewe kodi tunazolipa sasa, maana watu wengi huogopa kodi isiyokuwapo na kuisahau ile wanayoilipa kila siku.

Wazee wanakumbuka karatasi ya leseni ya njia iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ilikuwa kodi ya mwaka, na askari aliitafuta kabla hajakuamkia. Siku hizi mwenye motokaa ya nyumbani halipi kodi ya namna ile. Mahali pake pamechukuliwa na ushuru wa kutengeneza barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993, nao hutozwa ndani ya bei ya mafuta. Mwaka 2016 ulipandishwa kutoka shilingi 12 hadi 18 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Mwezi wa Julai 2024 ulipandishwa tena ukafika shilingi 25. Huupewi risiti yake peke yake, kwa hiyo huuoni, lakini kila unapojaza tangi umeulipa.

Sasa tazama vizuri. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2 na robo hivi za hewa ya ukaa. Lita ya dizeli hutoa zaidi kidogo, kama kilo 2 na robo tatu hivi. Hewa hiyo haipungui kwa sababu dereva ni mtu mwema au gari limeoshwa. Mafuta yakiungua, hewa hutoka. Basi kodi inayotozwa kwa kila lita ni kodi ya moshi tayari, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Anayechoma nyingi hulipa nyingi, na anayechoma kidogo hulipa kidogo.

Chukua kalamu ufuate hesabu hii. Motokaa mbili zinatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Ya kwanza huenda kilomita 10 kwa lita, nayo itakunywa lita 1,200. Ya pili huenda kilomita 15 kwa lita, nayo itakunywa lita 800. Kwa ushuru wa shilingi 25, ya kwanza italipa shilingi 30,000 na ya pili shilingi 20,000. Tuseme lita moja, pamoja na ushuru wote, ni shilingi 180. Tofauti ya lita 400 ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano, shilingi 360,000. Hiyo ni karo, ni mabati, ni mbolea. Wazee walisema rahisi inavunja upishi, na mtu aliyenunua gari la bei ndogo lenye tumbo kubwa huona ukweli wa maneno hayo kabla mwaka haujaisha.

Sasa tuje kwenye kodi za kununua. Gari linaloingia Mombasa kutoka ng'ambo hutozwa kodi kadhaa, moja juu ya nyingine. Kwa viwango vya mwaka 2025 kulikuwa na ushuru wa forodha wa asilimia 35. Kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, na asilimia 25 kwa inayozidi hapo. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya asilimia 16. Pamoja na ada ya tangazo la uagizaji ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2. Magari ya abiria yenye injini kubwa kabisa, kupita 3,000 kwa petroli au 2,500 kwa dizeli, hutozwa asilimia 35 badala ya 25.

Mfano: motokaa mbili, kila moja imethaminiwa na forodha kwa shilingi 600,000. Forodha ni shilingi 210,000 kwa kila moja. Yenye injini ndogo itaongezewa ushuru wa bidhaa shilingi 162,000, na yenye injini ya 1,800 itaongezewa shilingi 202,500. Ukiisha kuongeza VAT na zile ada mbili, ndogo imelipa jumla shilingi 554,520, na kubwa imelipa shilingi 601,500. Tofauti ni shilingi 46,980.

Usiseme, "Mimi siagizi Japani, nanunua ya mkononi hapa Kisumu." Kodi hiyo haikupotea. Aliyeagiza aliilipa, akaiweka ndani ya bei, na kila anayeuza baadaye huipitisha kwa mwenzake. Wewe wa mwisho wailipa pia, ila huijui.

Basi tumeona kwamba Serikali tayari hutofautisha magari. Hutofautisha kwa ukubwa wa injini, kwa thamani, na kwa umri, maana gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini. Swali letu ni hili: je, vipimo hivi vyapima moshi sawasawa?

Twaona havipimi sawasawa. Injini kubwa kwa kawaida hunywa zaidi, ni kweli. Lakini ziko motokaa za namna mbili kwa pamoja, petroli na betri, zenye injini ya 1,800, ambazo hunywa kidogo kuliko motokaa nyingi za kawaida zenye injini ya 1,500. Hiyo yenye moshi mdogo hutozwa asilimia 25, na yenye moshi mwingi asilimia 20. Tena thamani ya forodha hupunguzwa kadiri gari linavyozeeka, kwa hiyo gari la miaka saba hulipa kodi ndogo kuliko ndugu yake wa miaka mitatu, ingawa huyu wa miaka mitatu huenda ndiye mwenye injini safi. Mnunuzi asiye na fedha nyingi husukumwa na kodi kwenda kwa gari kuukuu. Halafu twamlaumu kwa moshi!

Mwaka 2024 tulikaribia kupata kodi ya mwaka. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza kodi ya motokaa ya asilimia 2.5 ya thamani yake, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi shilingi 100,000, ilipwe wakati wa kukata bima. Watu waliikataa pamoja na mambo mengine mengi. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni, na baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni, ambamo watu walipoteza maisha, Rais alikataa kutia sahihi Mswada wenyewe.

Hatusemi haya ili kufufua ugomvi. Twasema ili tujifunze. Kodi ile ingefanya nini kwa wanunuzi? Motokaa mpya kidogo, ndogo na safi, yenye thamani ya shilingi 1,600,000, ingelipa shilingi 40,000 kila mwaka. Lile gari la dizeli chini ya mwembe, lenye thamani ya shilingi 200,000 au chini, lingelipa shilingi 5,000. Yaani moshi mweusi ungelipa sehemu moja ya nane ya moshi mwepesi. Tena mkulima ambaye gari lake husimama miezi mitatu akingojea malipo angelipa sawa na mtu wa mjini anayeendesha kila siku. Kwa mtu wa shamba, ambaye mapato yake huja kwa msimu, kodi ya namna hiyo ni mzigo uliofungwa vibaya. Ungemwumiza mgongo hata kama si mzito.

Sasa tuangalie wenzetu. Uingereza ilianza kutoza kodi ya motokaa kwa kupima hewa ya ukaa mwezi wa Machi 2001. Kila aina ya motokaa mpya ilipimwa ni gramu ngapi hutoa kwa kilomita moja, na kodi ikafuata gramu hizo. Watu walibadilika kweli. Lakini walibadilika kwa njia ambayo haikutazamiwa na wengi. Dizeli hutoa hewa ya ukaa kidogo kwa kilomita kuliko petroli, basi wanunuzi wakakimbilia dizeli, hata ikafika karibu nusu ya motokaa mpya zote. Baadaye ikaonekana kwamba moshi wa dizeli una sumu nyingine, hewa chafu na masizi, zinazodhuru mapafu ya watu wa mijini. Mwaka 2018 kodi ya dizeli mpya nyingi ikapandishwa. Tangu 2017 Waingereza hutoza kwa gramu katika mwaka wa kwanza tu, kisha kila mwaka kiasi kimoja karibu kwa wote. Na kuanzia Aprili 2025 hata motokaa za umeme hulipa.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, watu hununua kile ambacho kodi hupima. Ukipima kitu kisicho sawa, utapata motokaa isiyo sawa. La pili, mahali pazuri pa kumshauri mnunuzi ni mlangoni, kabla hajanunua. Ukiisha kununua, kodi ya kila mwaka haikufundishi lolote. Hukukumbusha tu kosa lako.

Hapa karibu, majirani zetu wamejaribu kipimo cha umri. Uganda hutoza ada ya mazingira juu ya magari makuukuu yanayoingizwa, na Tanzania huongeza ushuru kwa magari yaliyopita miaka 8, na zaidi kwa yaliyopita miaka 10. Ni njia rahisi kwa ofisi, maana umri wasomeka kwenye karatasi. Lakini umri nao si moshi. Motokaa ya miaka kumi iliyotunzwa, yenye kichujio safi na mafuta mazuri ya injini, yaweza kuwa safi kuliko ya miaka mitano iliyoendeshwa na mtu asiyejali.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, ushuru wa lita ubaki ndio kodi kuu ya barabara, kwa sababu humfuata mtu kadiri anavyosafiri, nao haumdai mtu ambaye gari lake limesimama. Lakini haki yake ni barabara. Mkulima wa Koru au Songhor ambaye lori la miwa hukwama mlangoni kwake kila masika ana haki ya kuuliza shilingi 25 zake zimekwenda wapi.

Pili, kodi ya kununua ifuate mafuta yanayonywewa, siyo ukubwa wa injini tu. Haihitaji mitambo mipya. Motokaa zitokazo Japani zimepimwa huko kilomita ngapi huenda kwa lita moja, na hesabu hiyo hujulikana kwa kila aina. Namba hiyo yaweza kutumiwa forodhani, na yaweza kubandikwa kiooni pale gari linapouzwa, mnunuzi aione kabla hajatia kidole. Na masizi ya dizeli yapimwe mbali, tusije tukarudia kosa la Uingereza.

Tatu, kodi isimwadhibu mtu kwa gari alilokwisha nunua chini ya sheria ya jana. Mwenye pikapu moja kuukuu ya kupeleka nyanya soko la Kibuye hana fedha ya kununua nyingine kwa sababu sheria imebadilika. Aachwe aimalize.

Wako watakaosema, "Kwa nini tujisumbue na moshi? Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya hewa ya ukaa ya dunia." Ni kweli; haifiki hata sehemu moja katika elfu. Wala si haki kumwambia mkulima wa Nyando kwamba pikapu yake ndiyo iliyoleta mafuriko. Tuliona maji ya ziwa yakipanda mwaka 2020, na tena 2024, mashamba yakafunikwa na watu wakahama, na waliohama si wale waliochoma mafuta mengi duniani. Lakini sisi hatukuelezi habari za moshi ili uokoe dunia peke yako. Twakueleza kwa sababu moshi ni fedha yako inayotoka kwenye bomba. Kila kilo isiyotoka ni mafuta usiyoyanunua.

Tukiisha kusema hayo, haya ndiyo mashauri yetu kwa anayetaka kununua msimu huu.

Jiulize kwanza kama unahitaji motokaa au unahitaji usafiri. Mwenye safari mbili kwa mwezi, kukodi gari la jirani ni nafuu kuliko kulifuga lake. Ikiwa wahitaji kweli, usiulize bei kabla hujauliza kilomita kwa lita. Usikubali jibu la mdomo: weka lita tano, liendeshe, upime mwenyewe. Injini isiyozidi 1,500 yatosha kazi nyingi za nyumbani, na ndiyo sababu Probox zimejaa katika barabara zetu. Liwashe asubuhi likiwa baridi, utazame bomba. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Yote mawili ni fedha yako. Usitoe fedha kabla hujahakikisha kwamba kitabu cha gari kitahamishwa kwa jina lako.

Ukinunua pikapu au lori la biashara, kumbuka kodi ya mapema. Tangu 2023 ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya mzigo kwa mwaka, au shilingi 5,000, ipi iliyo kubwa. Trekta na trela za kazi ya shamba hazimo. Kodi hiyo huhesabiwa unapolipa kodi ya mapato, kwa hiyo tunza risiti, na ukiwa na shaka uliza ofisi ya KRA mjini Kisumu kabla ya kununua, siyo baada.

Na vijana wanaotaka pikipiki wazitazame zile za umeme. Motokaa za umeme tupu zimekuwa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 tangu 2019, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwa mvuke wa ardhini Olkaria, kwa upepo, na kwa maji, kama yale ya Sondu Miriu hapa hapa Nyakach. Ila hakikisha kwanza ni wapi utakapotia umeme au kubadilisha betri. Pikipiki iliyokwama ni mzigo, hata kama haina moshi.

Wale wenye gari chini ya mwembe niliwatembelea tena mwezi uliopita. Wameamua kuliuza, vipande kwa vipande ikibidi. Juu ya meza palikuwa na daftari la shule la mtoto wao, na katika ukurasa wa mwisho mke ameandika safu tatu: bei, kilomita kwa lita, mafuta ya mwaka. Motokaa nne zimeandikwa humo. Ya bei ndogo kuliko zote ameifuta kwa mstari. Mumewe alikuwa bado anaitazama kwa huruma kidogo, lakini hakubisha.